Pesa inapoondoka bila mlango kuvunjwa

Mfanyabiashara wa Mwanjelwa, Mbeya, au Miyomboni, Iringa, akizungumzia usalama wa kompyuta, swali lake la kwanza huwa ni antivairasi gani anunue. Kazi ya kufunga na kutunza mifumo ya maduka, mashine za kukoboa mpunga, SACCOS na ofisi za forodha, kuanzia Iringa mpaka Tunduma, imetuzoesha kuanza na swali jingine: kwenye biashara yako pesa hutoka kwa neno la nani, na neno hilo hupita njia gani mpaka limfikie anayelipa? Kama jibu ni "bosi anatuma meseji WhatsApp, mhasibu analipa", antivairasi ya bei yoyote haitakusaidia. Antivairasi hulinda mafaili, na wizi mwingi unaozipata biashara za huku haugusi faili hata moja.

Tuanze na ankara, maana hapo ndipo pesa nyingi huondoka kwa mkupuo mmoja. Mchukue msafirishaji wa parachichi wa Njombe anayeagiza vifungashio, au mwenye duka la vipuri vya malori Tunduma anayenunua mzigo nje ya nchi. Mazungumzo yote ya bei yako kwenye barua pepe. Mwizi hana haja ya kuvunja kompyuta ya mtu. Anatafuta neno la siri la sanduku moja tu la barua, liwe la mnunuzi au la muuzaji. Hulipata kwa ukurasa bandia: inakuja barua inayosema sanduku lako limejaa, ubonyeze hapa uongeze nafasi. Ukurasa unafanana na ule uliouzoea, unaandika neno la siri, unarudishwa kwenye barua zako kama kawaida. Hakuna kilichoharibika, kwa hiyo hakuna anayeshtuka.

Kuanzia hapo mwizi anasoma tu, pengine kwa wiki kadhaa. Anajua mzigo ni wa nani, umefikia wapi, malipo ya awali ni asilimia ngapi, nani huandika "ndugu" na nani huandika "mheshimiwa". Kisha anaweka kanuni ndani ya sanduku: barua yoyote yenye neno "ankara", "proforma" au "benki" ihamishwe moja kwa moja kwenye folda ambayo hakuna anayeifungua. Kwenye Outlook wanaipenda sana folda ya RSS, kwa sababu ipo siku zote na karibu hakuna anayeitumia. Siku mzigo uko tayari, ankara inafika ndani ya mazungumzo yale yale, nembo ile ile, namba ile ile, kiasi kile kile mpaka senti. Kilichobadilika ni akaunti ya benki, na maelezo ni mafupi: akaunti yetu ya zamani iko kwenye ukaguzi, tafadhali lipeni hii.

Wengi husoma barua kwenye simu, na kwenye simu linaonekana jina la mtumaji tu. Gusa jina hilo mpaka anwani yote itokee, kisha isome herufi kwa herufi kutoka mwisho kwenda mwanzo. Utakuta "r" na "n" zimekaa pamoja mahali pa "m", au .co imesimama palipopaswa kuwa .co.tz. Angalia pia anwani ambayo jibu lako litakwenda, maana mara nyingine inayoonekana juu ni ya kweli ila ya kujibia ni nyingine kabisa. Hata hivyo, usiamini kwamba anwani sahihi ni uthibitisho. Kama sanduku lililoibwa ni la muuzaji wako, barua ya uongo itatoka kwake kweli, na hakuna herufi itakayokosewa.

Dawa yake haina gharama. Mabadiliko yoyote ya akaunti ya malipo yanathibitishwa kwa kupiga simu, tena kwa namba mliyokuwa nayo kabla ya barua hiyo kufika: iliyo kwenye mkataba, kwenye daftari, kwenye stakabadhi ya mwaka jana. Usipige namba iliyoandikwa kwenye ankara mpya, kwa sababu atakayepokea ni huyo huyo. Weka na kiwango kwa maandishi, tuseme Tsh 2,000,000, ambacho kikipita malipo hayatoki bila watu 2: mmoja anaandaa, mwingine anaidhinisha kwa simu yake mwenyewe. Ikiwa mwenye mali ndiye amempa mhasibu namba zake zote za siri "ili kazi isikwame akiwa shambani", hao si watu 2. Ni mtu mmoja mwenye simu mbili.

Uangalie pia siku. Waliovamia Benki Kuu ya Bangladesh mwezi Februari 2016 walituma maagizo yao usiku wa Alhamisi, kwa kuwa kule mapumziko huanza Ijumaa. Dola milioni 81 zilifika Manila kabla watu hawajaelewana nani ampigie nani. Ankara za kubadilisha akaunti nazo hupenda Ijumaa alasiri, mhasibu akiwa anafunga hesabu. Malipo yenye akaunti mpya yakifika muda huo, yalale mpaka Jumatatu. Muuzaji wa kweli atanung'unika kidogo, basi.

Ukigundua sanduku limeingiliwa, kubadili neno la siri peke yake hakutoshi, na hapa mafundi wengi huishia njiani. Tumia kompyuta nyingine iliyo safi. Badili neno la siri, kisha uondoe vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti. Fungua mipangilio, uzifute kanuni na vichujio usivyovijua, na uzime usambazaji wa barua kwenda anwani ya nje. Hakiki namba ya simu na barua pepe ya kurejeshea akaunti, maana mwizi huacha yake hapo ili arudi baadaye. Ondoa programu za nje zilizopewa ruhusa ya kusoma barua. Mwisho washa uthibitisho wa hatua mbili, na kwa akaunti ya mhasibu tumia programu ya kuzalisha namba kwenye simu kuliko namba inayokuja kwa meseji, kwa sababu laini inaweza kuibwa.

Kwa wenye anwani ya biashara yao wenyewe, mwambie anayekutunzia aweke SPF, DKIM na DMARC. Hizi ni rekodi zinazoiambia dunia ni seva zipi zina haki ya kutuma barua kwa jina lako. DMARC ianze na p=none (isizuie kitu) kwa wiki chache huku mkisoma ripoti, ndipo iende quarantine (barua za mashaka ziwekwe kando), hatimaye reject (zikataliwe kabisa). Anayerukia reject siku ya kwanza huja kugundua kwamba mfumo wake wa ankara hutuma kupitia seva nyingine ambayo haikuandikishwa, na wateja wake wanakaa mwezi mzima hawaoni bili. Ikumbukwe tu kwamba rekodi hizi huzuia mtu kuighushi anwani yako. Haziwezi kumzuia aliyesajili anwani inayofanana nayo.

Upande wa simu una mambo mengi madogo madogo. Meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" kila mtu anaijua, na bado inakamata watu, kwa sababu humkuta mtu ambaye kweli siku hiyo ana hela ya kutuma. Kwenye maduka ya jumla na kwa mawakala, inayoumiza zaidi ni meseji ya muamala wa kughushi. Mteja anasema ameshalipa, meseji inaingia ikiwa na maneno yote, "umepokea", kiasi, kumbukumbu ya muamala, hata salio jipya. Angalia imetoka wapi. Ya kampuni huingia kwa jina la huduma, kwenye mfululizo ule ule wa meseji zako za zamani, na ya mwizi huingia kama namba ya kawaida au kwa jina lililofananishwa. Ila wakati duka limejaa, nani ataangalia? Kwa hiyo kanuni iwe moja kwa wote: mzigo hautoki mpaka salio lisomwe kwenye menyu au kwenye programu ya kampuni. Atakayekuwa na haraka ya kupita kiasi, asomewe salio polepole.

Kuna na anayepiga akijitambulisha kuwa ni wa kampuni ya simu, anataka "kuboresha laini ya wakala", na anakuongoza ubonyeze namba hatua kwa hatua. Huduma kwa wateja hapa nchini inapigiwa 100. Kata, kisha piga wewe. Namba anazokusomea mara nyingine ni za kuelekeza simu zako kwake, zinaanza na **21* kisha namba yake kisha #. Ukishafanya hivyo, simu yako haiiti tena, inaita kwake. Yeye anaomba namba ya kusajili WhatsApp yako kwa njia ya sauti, anaipokea, na kabla hujamaliza chai wateja wako wameanza kuombwa hela. Bonyeza *#21# uone kama simu zako zinaelekezwa kwingine, na ##002# kufuta maelekezo yote. Kisha kwenye WhatsApp nenda Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili, uweke namba zako 6 za siri na barua pepe ya kurejeshea. Bila namba hizo 6, hata aliyeinasa namba ya usajili hatapita. Pita pia kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Kama kuna kompyuta usiyoijua, iondoe. Kwenye ofisi nyingi WhatsApp ya biashara inabaki wazi kwenye kompyuta ya kijana aliyeacha kazi siku nyingi.

Laini yenyewe iwekee namba ya siri ya SIM, ili simu ikiibwa pale Kabwe, Mbeya, laini isihamishiwe tu kwenye simu nyingine na kuanza kupokea meseji za benki. Ukikosea mara 3 itadai PUK, yaani namba ya kuifungulia laini, kwa hiyo itunze ile kadi laini ilikotoka. Kila baada ya miezi michache bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Namba za matapeli ripoti TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040. Stika ya Lipa Namba ikaguliwe kila asubuhi, mwizi asije akawa amebandika yake juu, na mteja aulizwe jina analoliona kabla hajaweka namba yake ya siri. Ni sekunde tano.

Zamani tulikuwa tukiwafundisha watu kumtambua tapeli kwa Kiswahili chake kibovu. Somo hilo limechacha. Programu za akili mnemba zinaandika barua safi, zenye salamu na heshima zake, na kipande kifupi cha sauti kutoka kwenye status au kundi la WhatsApp kinatosha kutengeneza sauti ya bosi akisema "mama, nilipie huo mzigo wa Mafinga, niko kwenye kikao". Mwaka 2024 ilibainika kwamba mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup huko Hong Kong alihamisha takriban dola milioni 25 baada ya kikao cha video ambamo wenzake aliowaona walikuwa wametengenezwa na kompyuta. Kwa hiyo usiwachoshe wafanyakazi kwa kuwafundisha kutambua sauti bandia. Watashindwa, na sisi tutashindwa. Kanuni ni ile ile ya ankara: agizo lililokuja kwa njia moja linathibitishwa kwa njia nyingine. Mhasibu aambiwe mbele ya wenzake kwamba hatagombezwa kwa kumpigia bosi, hata bosi akiwa msibani. Bosi asiyeweza kuahidi hivyo ndiye tundu la usalama la biashara yake.

Sasa kompyuta. Virusi vya kufunga mafaili na kudai malipo vinaingia kwenye biashara ndogo za huku kwanza kwa mlango unaojulikana: programu za kukraki. Fundi anakuwekea Windows na programu ya hesabu "bure", kwa kutumia kifaa cha kuzivunja leseni, na ili kifaa hicho kifanye kazi anazima antivairasi kwanza. Familia ya virusi iitwayo STOP, au Djvu, imesambaa duniani hasa kwa njia hii. Mlango wa pili ni masasisho yaliyozimwa ili kuokoa bando. Virusi vya WannaCry vilipolipuka tarehe 12 Mei 2017, Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka cha kuvizuia tangu Machi. Waliokikosa ndio walioumia. Windows 10 nayo masasisho yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo mashine ya zamani isiyopokea Windows 11 ibaki kwa kazi za kuchapa, hesabu na malipo vihamie nyingine. Kuhusu bando: weka masasisho yapakuliwe siku moja ya wiki, usiku. Hilo ni nafuu kuliko kuyazima.

Flashi inayotoka steshenari isifunguliwe kwenye mashine ya mhasibu. Ukikuta mafolda yote yamegeuka njia za mkato, mafaili yako huwa hayajapotea, yamefichwa tu; usibonyeze njia hizo, onyesha mafaili yaliyofichwa kisha uyahamishe. Na ukiskani vitambulisho vya wateja huko steshenari, kumbuka nakala imebaki kwenye kompyuta yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakuhesabu wewe uliyezikusanya taarifa hizo kuwa mwenye wajibu wa kuzilinda, na inakutaka ujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. SACCOS na AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) zenye makabati ya nakala za NIDA zisijione ziko nje ya hili.

Kama kuna kifaa kimoja cha kununua kesho, kiwe diski ya nje, bora ziwe mbili za terabaiti 1. Data za mauzo na hesabu za duka la kawaida hazijazi hata sehemu ndogo ya diski hiyo. Kanuni ya kazi ni nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 iwe nje ya jengo. Kinachoharibika ni utekelezaji. Diski inachomekwa asubuhi na kuachwa hapo hapo, na virusi vinapofika vinafunga kompyuta na diski kwa pamoja. Chomeka jioni baada ya mauzo, funga programu ya hesabu kwanza, maana nakala iliyochukuliwa wakati faili liko wazi inaweza isifunguke siku ya shida. Nakili, tenganisha kwa utaratibu, chomoa. Diski ya wiki hii iko ofisini, ya wiki iliyopita iko nyumbani, Jumamosi zinabadilishana. Mara moja kwa mwezi fungua nakala kwenye kompyuta nyingine kabisa, soma salio la mteja mmoja, linganisha na daftari. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa usiihesabu.

Kuhifadhi kwenye Google Drive kunasaidia, ila folda inayojilinganisha yenyewe itapeleka juu hata mafaili yaliyofungwa na virusi. Matoleo ya zamani hukaa siku 30 tu kwa mafaili ya kawaida, kwa hiyo ukigundua tatizo kwa kuchelewa hayapo. Na kwa kuwa huku umeme hukatika na radi za masika zinajulikana, weka UPS, betri ya akiba, yenye kuipa kompyuta dakika 10 za kuzima kwa adabu. Diski nyingi tunazozifungua zimeuawa na umeme kuliko wezi.

Kuna wakati umeme kukatika uliokoa kampuni nzima. Tarehe 27 Juni 2017 virusi vya NotPetya vilitoka kwenye sasisho la programu ya hesabu ya Ukraine, vikaingia Maersk, kampuni kubwa ya meli, na kufuta karibu seva zote zilizokuwa zikitunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao. Walikuwa na seva nyingi za namna hiyo, kila moja ikijinakili kwa nyingine, na kwa hiyo zilizokuwa kwenye mtandao zote zilikufa pamoja. Iliyopona ilikuwa moja tu, ya ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na ilikuwa nje ya mtandao. Ikabidi diski isafirishwe kwa mkono mpaka Uingereza. Hasara yao ilikadiriwa kufika dola milioni 300.

Ruta na kamera tupite haraka. Badili neno la siri la kiwandani. Virusi vya Mirai, mwaka 2016, vilikusanya jeshi la kamera na rekoda kwa kujaribu orodha fupi ya maneno hayo ya kiwandani. Wateja wapewe Wi-Fi ya wageni, isiyofika kwenye kompyuta ya malipo. Usifungue bandari 3389 ya Windows, ile ya kuingilia kompyuta kwa mbali, kuelekea intaneti. AnyDesk, programu ya kuendesha kompyuta kwa mbali, aliyotumia fundi wa Dar kukusaidia iondolewe siku hiyo hiyo.

Ikitokea mafaili yamefungwa, chomoa waya wa mtandao, zima Wi-Fi, chomoa diski ya nje kama ilikuwemo. Piga picha ya ujumbe wa madai na ya mwisho mpya wa majina ya mafaili. Nenda polisi upate RB, namba ya taarifa uliyoitoa; benki na bima watakuomba. Usimruhusu mtu afomati. STOP huufunga mwanzo tu wa kila faili, kama kilobaiti 150, hivyo kwenye faili kubwa la hesabu au video mtaalamu anaweza kuokoa sehemu kubwa ya kilichobaki. Pitia tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama. Inatoa vifungulio bure kwa aina nyingi. Kama chako hakipo, itoe diski, iandike tarehe, iweke kabatini, ununue nyingine uendelee na kazi. Watengenezaji wa virusi vingine vya aina hii, TeslaCrypt, walipofunga kazi Mei 2016 walitoa ufunguo mkuu hadharani. Waliokuwa wametunza diski zao walifungua mafaili bila kulipa, na waliokuwa wamefomati hawakuwa na cha kufungua.